Uhandisi wa migodi unalipa? Piga hesabu yako mwenyewe kabla hujalipa ada

Swali hili naulizwa sana na wadogo zangu wanaomaliza sekondari, na wazazi wao pia. Mara nyingi anayeuliza keshasikia mshahara wa mtu fulani aliyeko mgodini, mshahara mnono kweli, na hesabu yake imeishia hapohapo. Sasa mshahara wa mtu mmoja sio hesabu. Kuna upande wa pili, yaani miaka yako minne au mitano darasani, ada, kipato ambacho ungekuwa unaingiza muda huo, kile kipindi cha kuzunguka na bahasha, halafu na ile miaka ambayo bei ya madini inaporomoka na mgodi unapunguza watu. Ukiviweka vyote mezani ndo unajua kama inalipa kwako wewe, sio kwa yule jamaa uliyemsikia. Chukua karatasi, kalamu na kalkuleta ya simu, vinatosha.

Anza na gharama, na hapa watu wengi wanaandika ada tu. Ada ni kipande. Andika ada, usajili, bima, laptopu yenye nguvu (programu za kusanifu migodi ni nzito, kompyuta ya kuandikia barua haiwezi), nauli na malazi ya fildi (mafunzo ya vitendo) maana migodi ipo mbali na vyuo, buti na helmeti kama chuo hakitoi, vipimo vya afya ambavyo migodi mingi inadai kabla hujakanyaga getini. Chakula na kodi ya chumba weka ile ziada tu, kwa sababu hata usingesoma ungekula na ungelala mahali. Hili usilisahau, wengine wanaingiza matumizi yote ya maisha kwenye gharama za chuo halafu wanaogopa bure.

Kisha andika kitu ambacho hakuna risiti yake: kipato ulichokiacha. Kama ungeweza kuanza kazi leo, iwe ufundi, udereva wa mitambo, biashara, chochote ambacho kweli ungekipata na sio ndoto, basi kila mwaka wa chuo unakugharimu huo mshahara. Kwa watu wengi hiki ndo kiasi kikubwa kuliko ada yenyewe, na ndo maana hata mwenye ufadhili wa asilimia mia bado ana gharama.

Tufanye mfano kwa pointi ili utumie fedha yoyote. Tuseme kazi mbadala ingekulipa pointi 10 kwa mwezi baada ya makato, maana yake 120 kwa mwaka. Digrii ni miaka 4, gharama za moja kwa moja ni 60 kwa mwaka, jumla 240. Kipato ulichoacha ni 120 mara 4, yaani 480. Tupo 720. Umemaliza, umezunguka nusu mwaka bila kazi, na kipindi hicho yule ambaye hakusoma keshapanda kidogo anapata 12 kwa mwezi, kwahiyo ongeza 72. Jumla 792. Hilo ndo deni lako kwa maisha, hata kama hudaiwi na benki hata senti.

Sasa umepata kazi, mkononi inaingia 25 kwa mwezi, 300 kwa mwaka. Mbadala ungekuwa na 144. Tofauti ni 156 kwa mwaka. Gawa 792 kwa 156, unapata miaka 5 na kidogo tangu siku ya kwanza kazini mpaka gharama zote zirudi. Kwa mtu wa miaka 23 au 24 hiyo ni nzuri sana, na hapa ndo watu wanafunga daftari na kwenda kulipa ada.

Usifunge. Endelea, ingiza mwaka mbaya. Tuseme ndani ya miaka hiyo mgodi unapunguza watu na unakaa mwaka mzima bila kazi, umepoteza 144 zingine, sasa unarudisha 936, miaka 6 ya kazi na mmoja wa kukaa, jumla 7. Kama zile 240 ulikopa na riba ikazipandisha hadi 360, ongeza 120, unakaribia miaka 8. Kama baada ya kumaliza ulizunguka miaka miwili badala ya nusu mwaka, ongeza 216, unavuka 9. Kazi ileile, mshahara uleule, chuo kilekile, na muda wa kurudisha umetoka 5 mpaka 9. Halafu kuna ile hali ambayo naiogopa kuliko zote, unapata kazi lakini sio ya uhandisi, mshahara ni 15 kwa mwezi. Tofauti ni 36 tu kwa mwaka. 792 gawa kwa 36 ni miaka 22.

Ona sasa kitu gani kinaamua. Kinachobeba hesabu sio ukubwa wa mshahara wa juu kabisa, ni mambo mawili: unaingia kwenye nafasi ya uhandisi haraka kiasi gani, na umebeba deni kiasi gani siku unayomaliza. Kwahiyo fanya hesabu mara tatu, ya mambo kwenda vizuri, ya kawaida na ya mabaya. Mimi msimamo wangu ni huu: kama hesabu mbaya inarudisha fedha ndani ya miaka 8 au 9, nenda kasome kwa moyo wote. Kama inavuka 12, tafuta kwanza namna ya kupunguza gharama, nitakuja kwenye hilo.

Kwanini nasisitiza mwaka mbaya? Kwa sababu fani hii imefungwa kwenye bei ambayo wewe, bosi wako na hata kampuni yako hamuipangi. Angalia dhahabu. Mwaka 2011 wakia moja (aunsi, kipimo cha kupimia dhahabu) ilifika karibu dola 1,900, kila mtu akataka kusomea migodi. Aliyeingia chuo mwaka huo kwa digrii ya miaka minne alimaliza 2015, na Desemba 2015 wakia ilikuwa imeshuka mpaka karibu 1,050, makampuni yanafuta miradi na kupunguza wafanyakazi. Mawe ya chuma ndo kabisa, kutoka juu ya dola 180 kwa tani mwanzoni mwa 2011 mpaka chini ya 40 mwishoni mwa 2015. Lakini aliyeanza 2016, wakati wengi wamekata tamaa na madarasa yamepungua, alimaliza 2020 na Agosti mwaka huohuo dhahabu ikavuka 2,000 kwa mara ya kwanza. Darasa moja lilitoka na milango imefungwa, jingine likatoka watu wanatafutwa.

Na sio dhahabu tu. Urani, ile inayotumika kwenye vinu vya nyuklia, ilipanda hadi zaidi ya dola 130 kwa paundi mwaka 2007, ikaja ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, Machi 2011, na 2016 ilikuwa imefika chini ya 20. Litiamu ilipaa 2022 ikaporomoka vibaya miaka miwili iliyofuata. Nikeli ya Indonesia ilivyojaa sokoni, kampuni kubwa ya madini ya BHP ikasimamisha shughuli zake za nikeli Australia Magharibi mwaka 2024. Wakati mwingine hata bei haina kosa: mgodi wa shaba wa Cobre Panamá, mkubwa na mzuri kabisa, ulisimama mwishoni mwa 2023 baada ya Mahakama ya Juu ya Panama kubatilisha mkataba wake, na maelfu ya watu wakabaki hawana kazi.

Kwahiyo kuangalia bei ya leo na kusema "sasa hivi dhahabu iko juu, ngoja nikasome" ni kuangalia saa mbovu. Wewe utaingia sokoni miaka minne au mitano ijayo. Weka mwaka mmoja wa kukosa kazi katika kila miaka saba au nane ya hesabu yako, halafu ukiajiriwa ndo uanze kujenga akiba ya kuutunza mwaka huo. Mhandisi wa migodi mwenye akiba ya miezi 8 anaweza kukataa ofa mbaya, asiye nayo anachukua yoyote.

Haya, tuje kwenye mshahara wenyewe, maana hapa pia kuna kujidanganya kwingi. Ukioneshwa salari slipu ya mtu wa mgodini isome mstari kwa mstari usikimbilie chini. Juu kuna mshahara wa msingi. Chini yake posho ya mazingira magumu, posho ya chini ya ardhi, posho ya usiku, bonasi ya uzalishaji, ovataimu. Kwa watu wengi hizo posho na bonasi zikijumlishwa zinakuwa sehemu kubwa ya kile kinachoingia benki, na sehemu nyingi pensheni, fidia ya kupunguzwa kazi na hata mkopo wa benki vinapigwa kwenye ule wa msingi tu. Siku unahamishwa kutoka chini kuja ofisini, posho ya chini inakatika. Mwezi ambao mtambo wa kusaga mawe umeharibika, bonasi haipo. Kwahiyo kwenye hesabu yako tumia msingi pamoja na zile posho zilizoandikwa kwenye mkataba, bonasi iache nje kabisa, ikija ni nyongeza. Na dada zangu, ulizeni mapema kampuni inafanya nini mtu akiwa mjamzito, anahamishiwa wapi na posho zake zinakuwaje, ni swali halali kabisa na jibu lake lina fedha ndani.

Halafu gawa kwa masaa. Wengi hawafanyi hivi. Shifti za mgodini kwa kawaida ni masaa 12. Rosta ya siku 14 kazini na 7 mapumziko maana yake ndani ya wiki tatu unafanya masaa 168, wakati mtu wa ofisini mwenye masaa 40 kwa wiki anafanya 120. Wewe umefanya mara 1.4 ya kazi yake. Kwahiyo mshahara ambao ni mkubwa kwa asilimia 40 kuliko wa mjini, kwa saa moja mko sawasawa! Rosta ya 8 kwa 6 inakupa masaa 96 dhidi ya 80. Ile ya 14 kwa 14 inakupa 168 dhidi ya 160, karibu sawa, ndo maana watu wanaigombania. Na uliza siku za kusafiri zinatoka wapi, kama zinatoka kwenye mapumziko yako basi zile siku 7 ni 5. Upande wa pili, ukiwa kambini chakula na malazi ni juu ya kampuni, hiyo ni akiba halisi, iandike. Kuna pia vitu ambavyo kalkuleta haivibebi, vumbi la silika kwenye mapafu, kelele kwenye masikio, mtoto kukua ukiwa zamu. Viweke mezani mzungumze na familia kabisa.

Kosa jingine la hesabu ni kulinganisha digrii hii na kukaa nyumbani. Kama una alama za kuingia uhandisi wa migodi basi una alama za kuingia uhandisi mwingine, na mbadala wako halisi ni huo. Angalia takwimu za kazi za serikali ya Marekani za 2023: mshahara wa katikati wa wahandisi wa migodi na jiolojia ulikuwa kama dola 100,000 kwa mwaka, wa wahandisi mitambo ulikuwa chini kidogo tu ya hapo, wa ujenzi kama 96,000. Ila idadi ya ajira sasa: migodi kama 7,000, ujenzi zaidi ya 300,000. Usichukue hizo dola kama zako, soko lako lina namba zake, ila sura ya jambo iko hivyo karibu kila mahali. Ajira za mhandisi migodi ni chache, na wanaozigombea ni wachache pia. Na mhandisi mitambo au umeme anaweza kufanya kazi mgodini vilevile, mgodi ukifungwa anaenda kiwandani. Kwahiyo kaa na safu mbili kwenye karatasi yako, moja migodi, moja ule uhandisi mwingine unaoupenda, gharama za chuo mara nyingi zinalingana hivyo unalinganisha kipato na miezi ya kukosa kazi tu.

Basi kwanini mtu achague migodi? Kwa sababu kazi yenyewe ni ya kipekee na mimi naipenda kweli. Asubuhi unaingia na shifti, unapita kwenye mashimo yaliyochorongwa usiku, unapima kina, hili limefupika, lile limejaa maji. ANFO, baruti ya kawaida ya migodini, haivumilii maji, kwahiyo shimo la maji unalipangia emalshani, baruti inayostahimili maji, unabadilisha kiasi, unaangalia mstari wa mashimo ya mbele uko umbali gani kutoka ukingo wa mwamba ili mawe yasiruke, mchana eneo linafungwa, ving'ora vinalia, mwamba unanyanyuka na kukaa. Kesho yake unaona kwenye ekskaveta kama ulipanga vizuri, ndoo ikijaa kirahisi umefanya kazi yako. Kijana wa miaka 25 kukabidhiwa maamuzi ya uzito huo sio fani nyingi zinatoa. Na unapanda haraka, kutoka shifti kwenda kwenye mipango, kwenda kusimamia idara, sharti uvumilie kuanzia kule chini.

Sasa jinsi ya kushusha gharama na kuongeza uwezekano wa kuingia kwenye uhandisi mapema. La kwanza ni fildi. Usisubiri mwaka wa tatu. Omba kila likizo, hata kwenye machimbo ya kokoto au chokaa ya kiwanda cha saruji, kule hawafukuzwi na bei ya dhahabu na kuna kuchoronga, kulipua na kupanga kama kwingine. Anayemaliza akiwa na fildi tatu na jina la msimamizi anayemkumbuka hazunguki miaka miwili na bahasha, na umeona kwenye mfano wetu hiyo miaka inakula pointi ngapi.

La pili, kagua chuo. Uliza kama kozi imesajiliwa na bodi ya wahandisi, na kama nchi hiyo ipo kwenye makubaliano ya Washington Accord ya mwaka 1989, yale yanayofanya digrii ya uhandisi itambulike nchi moja hadi nyingine. Kwenye fani yenye mawimbi namna hii, uwezo wa kuhama nchi ni bima. Uliza pia kama wana leseni za programu za kusanifu migodi kama Surpac, Deswik, Datamine au Vulcan na kama wanafunzi wanazigusa kweli, maana leseni hizo mtu binafsi hanunui. Ongeza mwenyewe programu za takwimu na kuandika programu za kompyuta. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ilianza kujaribu malori yasiyo na dereva kule Pilbara, Australia Magharibi, mwaka 2008, na leo yanaangaliwa kutoka Perth, kilometa kama 1,500. Kazi inahamia kwenye data, na anayeijua mapema analipwa mapema.

La tatu, chagua masomo ya hiari yanayotoka nje ya mgodi: uimara wa miamba, ulipuaji, hewa ya chini ya ardhi. Hayo yanakubeba kwenye mahandaki ya treni, mabwawa na barabara pale migodi inapolala. Na kama fedha ni ngumu kabisa, diploma kwanza, kazi, halafu digrii ukiwa unalipwa, ile 480 ya kipato ulichoacha inapungua sana, japo safari inakuwa ndefu.

Ufadhili wa kampuni ni mzuri ila una masharti, lazima uwatumikie miaka kadhaa. Usiogope, upe thamani. Fedha wanazokulipia gawa kwa miaka ya kifungo, halafu linganisha na tofauti kati ya mshahara wao na wa soko. Soma kipengele kinachosema ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani, na kile ambacho wengi hawakiulizi: kampuni ikikupunguza yenyewe, au mgodi ukifungwa, deni linakufa au unadaiwa? Kama mkataba uko kimya, waombe waandike.

Na ukifika hatua ya ofa, au hata ya kuchagua pa kuomba fildi, usiangalie mshahara kabla hujaangalia mgodi. Makampuni yaliyoko kwenye masoko ya hisa yanatoa ripoti za bure mtandaoni. Tafuta vitu viwili. Kimoja ni hifadhi ya madini iliyothibitishwa kuchimbika kwa faida, gawa kwa uzalishaji wa mwaka, unapata miaka iliyobaki. Usichanganye na rasilimali, ambayo ni namba kubwa zaidi lakini haijathibitishwa kuwa inalipa kuichimba. Cha pili ni gharama zote za kuzalisha wakia au tani moja. Dhahabu ikiwa 2,000, mgodi wa gharama 1,200 unahimili kushuka kwa bei, wa gharama 1,850 unaanza kupunguza watu bei ikitikisika kidogo, na wanaoanza kuondoka ni waajiriwa wapya. Mgodi wenye miaka 15 na gharama ndogo ukikupa 22 kwa mwezi, na mwingine wenye miaka 3 na gharama kubwa ukakupa 27, mimi naenda kwa 22 bila kufikiri mara mbili.

Mwisho, zile namba za kujaza kwenye karatasi usizichukue kwangu wala kwa mtu aliyeajiriwa miaka 15 iliyopita. Tafuta waliomaliza chuo hichohicho miaka miwili na miaka mitano iliyopita, wengi kadri utakavyowapata, pamoja na wale ambao hawakupata kazi kwa sababu hao hawajitangazi. Waulize walikaa miezi mingapi kabla ya ofa ya kwanza, msingi ulikuwa kiasi gani, rosta ipi, na kama wameshapunguzwa kazi hata mara moja. Usichukue jibu tamu kuliko yote, panga majibu kuanzia dogo mpaka kubwa, chukua la katikati, liingize mahali pa zile 25 zangu na ile nusu mwaka yangu, gawa tena uone umepata miaka mingapi.